Kufyonza besi chumbani: pamba mbele, spika nyuma

Chukua chumba cha kawaida cha bloku: urefu mita 4.2, upana mita 3.2, kimo mita 2.7, kuta za plasta, sakafu ya simenti. Piga noti ya besi ya 54 Hz (mitetemo 54 kwa sekunde) kisha uizime ghafla. Chumba kinaendelea kunguruma. Simama katikati ya upana wa chumba na noti hiyo inakaribia kupotea. Sogea hadi ukutani na inakujaa masikioni. Anayechanganya muziki katika chumba hiki ataongeza besi akiwa katikati, ataipunguza akiwa ukutani, na kote atakuwa amekosea.

Wengi hukimbilia trei za mayai au vipande vya sponji vya sentimita 5. Kwa besi, huko ni kutwanga maji kinuni. Mwongozo huu unaonyesha njia inayofanya kazi chini ya 80 Hz bila kumeza nusu ya chumba: tabaka jembamba la pamba ya kioo, na nyuma yake spika inayotawaliwa na maikrofoni. Kila kimoja peke yake hakifui dafu. Vikikaa pamoja, kila kimoja kinampa mwenzake alichokosa.

Jambo moja liwe wazi kabla ya kununua msumari: huku ni kufyonza sauti iliyo ndani ya chumba. Hakuzuii besi kwenda kwa jirani, wala hakuzuii jenereta ya nje isisikike ndani. Kazi hiyo inataka kuta nzito, milango mizito na mianya iliyozibwa.

Kwa nini pamba peke yake inashindwa

Pamba ya mawe, pamba ya kioo na sponji yenye vinyweleo hufyonza sauti kwa msuguano: hewa inapopita kwenda na kurudi kati ya nyuzi, nguvu yake inageuka joto. Hewa isipotembea hakuna msuguano. Tatizo ni kwamba ukutani ndipo hewa isipotembea kabisa. Pale shinikizo ni kubwa, mwendo ni sifuri. Mwendo unafika kileleni umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa 54 Hz, sauti ikisafiri mita 346 kwa sekunde (joto la nyuzi 25), urefu wa wimbi ni mita 6.4 na robo yake ni mita 1.6. Ili pamba nyembamba ifanye kazi vizuri kwenye noti hiyo, ingebidi uitundike mita 1.6 kutoka ukutani, yaani nusu ya upana wa chumba chetu.

Sasa, kinachotokea kwenye ile robo ni nini hasa? Nyuma ya pamba, shinikizo limeshuka hadi karibu sifuri. Mbele kuna shinikizo, nyuma hakuna, kwa hiyo hewa inasukumwa kupita kwenye pamba. Ukiweza kutengeneza sifuri hiyo kwa njia nyingine, huihitaji tena ile mita 1.6. Spika inaweza kuitengeneza ndani ya sentimita chache: maikrofoni inasikia shinikizo linapanda nyuma ya pamba, amplifaya inairudisha koni nyuma, shinikizo linashuka.

Spika hiyo ikifanya kazi bila pamba, haifyonzi vya kutosha. Inageuza tu alama ya wimbi na kulirudisha chumbani, na mlio wa chumba unahama kwenda masafa mengine. Pamba bila spika, hewa haipiti ndani yake. Wazo la kutumia sauti kupinga sauti lilipata hataza ya Marekani mwaka 1936 kwa jina la Mjerumani Paul Lueg. Harry Olson na Everett May wa kampuni ya Marekani ya RCA walieleza kifyonzaji cha maikrofoni na spika mwaka 1953, na mwaka 1984 Guicking na Lorenz wa Göttingen, Ujerumani, wakachapisha kuhusu spika iliyowekewa tabaka lenye vinyweleo mbele. Leo vifaa vyake vinapatikana kwenye duka la kawaida la fundi wa redio.

Hatua ya 1: Jua milio ya chumba chako

Milio ya chumba ni noti ambazo chumba chenyewe huzikuza na kuzirefusha kwa sababu ya vipimo vyake. Gawa kasi ya sauti kwa mara mbili ya kila kipimo cha chumba. Kwa chumba chetu: 346 ÷ 8.4 = 41 Hz kwa urefu; 346 ÷ 6.4 = 54 Hz kwa upana; 346 ÷ 5.4 = 64 Hz kwa kimo. Hiyo ndiyo milio mitatu ya kwanza, na ndiyo inayosumbua zaidi.

Kisha pima. Pakua programu ya bure ya Room EQ Wizard, tumia maikrofoni ya kupimia, na piga mfagio wa sauti (mlio mmoja unaopanda mfululizo) kutoka 15 hadi 300 Hz. Pima mara mbili: pale kichwa chako kinapokaa, na kwenye kona ya chini ya chumba ambako milio yote ina shinikizo la juu. Usiangalie milima tu. Fungua mchoro wa maporomoko, unaoonyesha sauti inavyofifia kadiri muda unavyopita, na uandike ni noti zipi zinabaki ndefu. Hifadhi vipimo hivi, maana bila hivyo baadaye hutajua kama umefanikiwa au umezoea tu.

Chumba chenye dari ya jipsamu au madirisha makubwa ya nako hupoteza besi kidogo kupitia huko, kwa hiyo huenda mlio mmoja ukaukuta tayari ni dhaifu. Chumba cha zege juu na chini hakikuhurumii.

Hatua ya 2: Jaza kona pamba kwanza

Usianze na umeme. Sehemu ya pamba itashughulikia kila kitu kuanzia takriban 100 Hz kwenda juu, na baadaye utaona inafunika pia dosari za spika.

Kata mabao ya pamba ya mawe kuwa pembetatu zenye pande mbili za sentimita 60 na uzipange moja juu ya nyingine kwenye kila kona ya wima, kuanzia sakafuni hadi darini. Kona moja nzima inakula karibu mita za ujazo 0.49. Kwenye kona mbili utakazoweka masanduku ya spika, anza kupanga juu ya sanduku. Hapo kila moja inahitaji kama 0.39. Jumla ni takriban mita za ujazo 1.75.

Chagua pamba nyepesi, kilo 30 hadi 40 kwa mita ya ujazo. Watu hudhani nzito zaidi ni bora zaidi. Kwa unene mkubwa namna hii ni kinyume: pamba iliyoshindiliwa hurudisha wimbi kabla halijaingia ndani. Vaa glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu, na funika kila safu kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Jaribio la kitambaa ni rahisi: kiweke mdomoni na upulize. Pumzi ikitoka upande wa pili bila kujikaza, kinafaa. Kanga mpya yenye wanga huzuia pumzi. Ifue mara mbili kabla ya kuipima.

Hatua ya 3: Sanduku

Tengeneza masanduku mawili. Kila moja lina sehemu mbili: sanduku la nyuma lililofungwa kabisa, na chemba fupi ya mbele inayofunikwa na pamba.

Spika ni wufa (spika ya besi) ya inchi 12 yenye mlio wake wa asili kati ya 28 na 32 Hz na ujazo sawa (Vas, yaani ujazo wa hewa wenye uspringi sawa na wa koni) wa lita 80 hadi 100. Ujazo halisi wa sanduku la nyuma uwe lita 60. Kwa wufa ya 30 Hz yenye Vas ya lita 90, mlio wa wufa ndani ya sanduku unakuwa 30 × √(1 + 90/60), yaani 47 Hz, katikati ya noti tunazozitafuta. Hili si la kubahatisha. Karibu na mlio huo, uzito wa koni na uspringi wake vinafutana, na amplifaya inahitaji nguvu ndogo sana kuisogeza koni. Mbali na hapo unapigana na uzito au na springi.

Tumia plaiwudi ya milimita 18. Vipimo vya ndani ni sentimita 50 kwa 50, kina sentimita 26. Hiyo ni lita 65. Wufa na kipande cha kukaza vinakula zile 5. Ubao unaobeba wufa ukae ndani, sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele, ili chemba ya mbele iwe na uwazi wa sentimita 50 kwa 50. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 haitoshi masanduku mawili. Chukua moja na nusu. Unganisha kwa gundi ya mbao na skrubu, kisha pitisha silikoni kwenye kila pembe ya ndani. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vyote na uishikilie: ikiendelea kukusukuma kwa nguvu ileile, sanduku limefungwa vizuri, nguvu hiyo ikipungua, kuna mahali hewa inavuja, mara nyingi kwenye tundu la waya. Usijaze sanduku la nyuma pamba.

Hatua ya 4: Tabaka la pamba la mbele

Hapa ndipo wengi hukosea hata wakiwa na vitabu. Ukinzani wa hewa yenyewe kwa wimbi ni takriban 410 Pa·s/m. Vitabu vinasema tabaka lenye ukinzani huohuo linafyonza wimbi lote, na ni kweli, ndani ya bomba ambalo tabaka limeziba lote. Chumbani, tabaka lako ni robo ya mita ya mraba kwenye ukuta wa mita za mraba 11. Linapaswa kuvuta hewa nyingi zaidi ya sehemu yake, kwa hiyo ukinzani uwe mdogo.

Angalia tofauti kwa chumba chetu. Sanduku moja lenye ukinzani wa jumla (pamba pamoja na spika) wa 410 Pa·s/m, kama lingekuwa kifyonzaji pekee, lingehitaji kama sekunde 2.9 kuufifisha mlio wa 54 Hz kwa desibeli 60. Likiwa na jumla ya 165, linahitaji sekunde 1.2. Mawili ya namna hiyo, sekunde 0.6. Pamba ya kona na chumba chenyewe vinashusha zaidi.

Tumia pamba ya kioo nyepesi yenye ukinzani wa karibu 5,000 Pa·s/m², unene wa sentimita 2.5. Hiyo inakupa 125, na spika isiyo kamilifu itaongeza kama 40 juu yake. Ishikilie kati ya wavu mbili za waya zilizopigiliwa kwenye fremu ya mbao, na fremu iingie kwenye uwazi bila kuacha mwanya. Mwanya wa milimita 5 kuzunguka fremu ni njia ya mkato: hewa itapita pale bila msuguano. Ziba kwa ukanda wa sponji wa milango.

Hatua ya 5: Maikrofoni na umeme

Maikrofoni ni kidonge cha elektreti kinachosikia pande zote, cha bei ndogo. Kitundike ndani ya chemba ya mbele, sentimita 4 kutoka koni, usawa wa katikati yake, kwa mipira myembamba ya kufungia. Kikigusa ubao kitasikia mtikisiko wa mbao badala ya hewa.

Mnyororo wa umeme uwe mfupi. Kidonge kinalishwa volti 9 kupitia rezista ya 6.8k. Kapasita ya 1 µF inapeleka ishara kwenye nusu ya kwanza ya TL072 (chipu yenye vikuza-ishara viwili) inayokuza mara 40 (rezista 1k na 39k). Kisha kichujio cha rezista 22k na kapasita 100 nF, kinachoanza kupunguza kwenye 72 Hz. Nusu ya pili ya TL072 ni ya kupitisha tu, halafu potenshomita (rezista ya kuzungusha, ya kurekebisha ukuzaji) ya 10k, halafu amplifaya ya LM3886 au nyingine ya wati 50 inayokuza kama mara 20. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa spika, na rilei inayochelewesha kuunganisha spika kwa sekunde 5, ili umeme ukikatika na kurudi koni isirushwe.

Wati 50 ni nyingi kuliko inavyohitajika. Shinikizo la desibeli 90 kwenye kona linaitaka koni isogee takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye 54 Hz. Hata kwa desibeli 110 ni kama milimita moja na kidogo.

Kichujio kiwe cha hatua moja tu. Kishawishi cha kuweka kichujio kikali ni kikubwa, lakini kila hatua ya kichujio inachelewesha ishara, na ishara iliyochelewa inasukuma pale ilipotakiwa kuvuta. Kwa sababu hiyohiyo, usitumie kompyuta na kadi ya sauti. Ucheleweshaji wa milisekunde 10 kwenye 54 Hz ni nyuzi 194 za fezi (nafasi ya wimbi katika mzunguko wake wa nyuzi 360): umeshageuza mfumo mzima kichwa chini. Saketi ya analogia haina tatizo hilo.

Hatua ya 6: Kuelekeza na kurekebisha

Shinikizo likipanda, koni lazima irudi ndani. Kwa betri ya volti 1.5 angalia kwanza ni waya upi unaitoa koni nje. Kisha washa mfumo potenshomita ikiwa sifuri, na uipandishe polepole huku mkono ukiwa kwenye swichi. Waya zikiwa kinyume, mngurumo (mfumo kujisikia na kujikuza wenyewe) utaanza mapema sana, potenshomita ikiwa bado chini. Zima, geuza waya za spika, jaribu tena.

Ukishapata upande sahihi, toa noti ya 54 Hz kutoka spika zako za kawaida kwa desibeli 80 hivi. Weka maikrofoni ya kupimia mbele ya pamba, soma. Kisha ipenyeze ndani ya chemba karibu na kidonge, soma tena. Mfumo ukiwa umezimwa, namba mbili zinakaribiana. Pandisha potenshomita hadi mngurumo uanze, kisha rudi hadi nusu ya pale. Sasa ndani ya chemba panapaswa kuwa chini ya nje kwa desibeli 8 hadi 12. Kwa desibeli 12, robo tu ya shinikizo imebaki nyuma ya pamba na kazi karibu yote inafanywa na pamba. Ukipata 6, nusu ya kazi inapotea kwenye spika. Bado inasaidia, ila tafuta sababu. Rudia kwa 41 na 64 Hz.

Yanayoharibika, na sababu zake

Mngurumo kati ya 150 na 400 Hz unamaanisha fezi imegeuka huko huku ukuzaji ukiwa bado mkubwa. Sogeza kidonge karibu zaidi na koni, hadi sentimita 2 au 3. Mngurumo ukibaki kwenye noti moja isiyobadilika, gonga ubao wa spika kwa kifundo cha kidole: mbao ikilia noti hiyohiyo, ongeza kipande cha kukaza.

Koni inapumua polepole, ndani na nje, mara chache kwa sekunde, bila sauti. Hii hutokea upande wa chini: kidonge, kapasita na amplifaya kila kimoja kinageuza fezi kidogo. Usipunguze kapasita ukidhani unazuia besi za chini. Utaisogeza fezi mbaya karibu na noti zako. Ongeza hadi 4.7 µF, na ukague kapasita ya kuingilia kwenye amplifaya, ambayo bodi za bei rahisi huwa nayo ndogo mno.

Besi imeshuka kwenye 54 lakini kuna nundu mpya kati ya 110 na 180 Hz. Kila mfumo wa namna hii hupunguza mahali na kuongeza kidogo pembeni; ni kanuni ya fizikia na hakuna saketi inayoikwepa. Dawa ni ile pamba ya kona, inayofyonza vizuri kwenye masafa hayohayo. Nundu ikizidi desibeli 3 kwenye kiti chako, punguza ukuzaji kidogo.

Mfumo unafanya kazi kwa sauti ndogo, kubwa unakoroma. Mara nyingi sanduku limewekwa kando ya sabufa. Lihamishie kona nyingine.

Pwani, chumvi ya hewa hula miguu ya kidonge na viungio vya waya. Paka vanishi viungio baada ya kulehemu, na uwe na vidonge viwili vya akiba.

Hatua ya 7: Mahali pa kuweka na kuhakiki

Weka masanduku kwenye kona mbili za chini zinazotazamana kimshazari, uso wa pamba ukitazama ndani ya chumba, bila kochi wala pazia zito mbele. Kwenye kona ya chini milio yote mitatu ina shinikizo la juu, kwa hiyo sanduku moja linashughulikia urefu, upana na kimo kwa pamoja. Washa la kwanza, lirekebishe, ndipo uwashe la pili na urekebishe upya yote mawili, kwa sababu yanasikiana.

Piga mfagio uleule wa Hatua ya 1, mahali palepale, kwa sauti ileile: mfumo ukiwa umezimwa, kisha umewashwa. Linganisha maporomoko. Vilele vinaweza kushuka desibeli chache tu, na hilo lisikukatishe tamaa. Tazama urefu wa mikia ya 41, 54 na 64 Hz. Halafu weka wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka ngazi, utembee kutoka ukuta hadi ukuta. Kila noti inapaswa kuanza na kukoma pale mpigaji alipoikomesha.

Rudia kipimo cha desibeli ndani ya chemba baada ya msimu wa mvua. Plaiwudi ikivimba, fremu ya pamba hulegea, na mwanya ule wa milimita chache hurudi kimyakimya.